Kuunda Modeli Ndogo za Meli za Rezini: Mwongozo Kamili wa Skeli ya 1/700

Modeli ya mstari wa maji huonyesha ile sehemu tu ya meli inayoonekana juu ya bahari. Haina mkuku, yaani uti wa chini wa meli, wala rafadha, yaani propela, chini yake ni bapa, nayo hulazwa juu ya ubao au juu ya bahari ya kuundwa, ikaonekana kama meli iliyo safarini. Skeli iliyozoeleka zaidi ni ya 1/700, yaani kila kipimo cha meli halisi hugawanywa kwa 700, nayo ilienea tangu mwaka 1971, makampuni manne ya Japani, yaani Tamiya, Aoshima, Hasegawa na Fujimi, yalipogawana manowari za kutengeneza na kuzitoa zote kwa kipimo kimoja. Seti hizo zilikuwa za plastiki. Rezini, yaani kimiminika kinachomiminwa kwenye kalibu kikawa kigumu, iliingia kwa mlango mwingine: kalibu ya chuma ya kutolea plastiki hugharimu fedha nyingi mno kwa meli yenye wanunuzi wachache, ilhali kalibu ya silikoni humwezesha fundi mmoja kutoa nakala kadhaa za tagi la bandarini (meli ndogo ya kuvuta nyingine), meli ya mafuta au manowari ndogo ya ulinzi ambayo kiwanda kikubwa hakitaigusa.

Kwa hiyo mtu anayependa meli zisizo maarufu hatimaye hujikuta ameshika rezini, na hapo hugundua kwamba mazoea ya plastiki hayamfikishi mbali. Rezini haishikwi na gundi ya plastiki, mara nyingi haitoki katika kalibu ikiwa imenyooka, na ubora wa modeli huamuliwa na mpangilio wa kazi kuliko wepesi wa vidole. Jambo lililopaswa kufanywa kabla ya rangi likikumbukwa baada ya rangi, mara nyingi halifanyiki tena. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo hatua kwa hatua, na meli ya mfano ni koveti ya Uingereza ya aina ya Flower, yaani manowari ya kulinda misafara ya meli, ambayo ni ndogo, ina sitaha chache, na inamfaa anayeanza kuliko meli ya vita kubwa yenye mizinga kila pembe.

Kuisoma meli kabla ya kufungua gundi

Koveti hiyo ilikuwa na urefu wa takriban mita 62.5 na upana wa mita 10. Gawanya kwa 700, utapata modeli ya milimita 89 kwa 14. Hesabu hii ndogo ifanye kwa kila kitu, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kipi kinafaa kuongezwa na kipi kiachwe. Baharia wa mita 1.7 anakuwa milimita 2.4. Ukuta wa rezini wenye unene wa nusu milimita, ambao machoni unaonekana mwembamba, ni sawa na ukuta wa sentimita 35 kwenye meli halisi, na hakuna manowari ndogo iliyozungushiwa ukuta wa namna hiyo. Waya wa sentimita 2 unakuwa chini ya milimita 0.03, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Anayezijua namba hizi hatashawishika kuweka kamba nene mlingotini kwa sababu tu ndiyo aliyokuwa nayo.

Baada ya hesabu, tafuta picha za meli uliyokusudia kwa jina lake na kwa mwaka wake, si za aina yake kwa jumla. Koveti za Flower zilijengwa zaidi ya 200, nazo zilibadilishwa sana Vita Kuu ya Pili ya Dunia vikiendelea: za mwanzo zilikuwa na sitaha fupi ya omo, yaani ya mbele ya meli, na mlingoti uliosimama mbele ya daraja la nahodha, za baadaye zilirefushwa sitaha ya omo na mlingoti ukahamishiwa nyuma ya daraja. Seti moja mara nyingi hudai kufaa kwa meli kadhaa, lakini sitaha iliyokwisha kumiminwa haibadiliki kwa kubandika jina jingine. Moja ya koveti hizo, HMCS Sackville, ingalipo Halifax nchini Kanada, na picha za sitaha yake husaidia kuelewa vifaa vilivyokaaje, mradi ukumbuke kwamba inaonyesha hali ya miaka ya mwisho ya vita.

Kukagua, kuosha na kunyoosha

Toa vipande vyote kwenye sanduku, vipange juu ya karatasi nyeupe, uvilinganishe na orodha. Tazama vipande ambavyo rezini haikufika ncha, mapovu yaliyopasuka juu ya sitaha, na hasa mstari wa mwili wa meli: uweke juu ya kioo, uutazame kwa usawa wa jicho dhidi ya mwanga. Mwanga ukipita chini ya omo au chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma, mwili umepinda. Kipande kikikosekana au kikiwa kimeharibika, mwandikie mtengenezaji sasa, kabla hujakata wala kupiga msasa chochote.

Kisha osha. Ili rezini itoke kwenye silikoni, watengenezaji hupaka kalibu dawa ya kuteleza, na mabaki yake hufukuza rangi na gundi. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha, nawe weka chujio chini ili vipande visiende na maji. Suuza, acha vikauke vyenyewe, na kuanzia hapo jizoeze kushika mwili wa meli kwa pembeni.

Mwili uliopinda hunyooshwa kwa joto. Utumbukize katika maji ya moto ambayo hayajachemka, kwa dakika moja hivi, mpaka rezini ianze kulegea. Utoe kwa koleo, uubane juu ya kioo kwa vidole vilivyovikwa glavu, kisha umwagie maji baridi ukiwa umeubana. Rudia kidogo kidogo. Kulazimisha rezini iliyo baridi kunaivunja, na kuipasha kupita kiasi kunalegeza hata michoro ya sitaha.

Upande wa chini

Hapa ndipo modeli nyingi za mstari wa maji huharibikia, na ndiyo sababu sehemu hii inastahili muda mwingi kuliko inavyopewa. Mtengenezaji humimina rezini kwenye kalibu iliyogeuzwa kifudifudi, kwa hiyo upande wa chini wa meli ndio uliokuwa mdomo wa kalibu. Rezini hufurika pale, ikaacha bonge, ukingo mkali au shimo. Seti nyingine huja na unene wa ziada wa milimita moja au mbili chini ya mstari wa maji, na milimita moja ni sentimita 70 za ubavu. Koveti yenye nyongeza hiyo huonekana imepanda juu ya maji kama boya, hata ikipakwa rangi kwa ustadi wa namna gani.

Anza kwa kupima. Kutoka kwenye michoro, chukua kimo cha sitaha juu ya maji katika sehemu tatu: omoni, katikati na tezini. Punguza kwa skeli, kisha weka alama ubavuni kwa penseli yenye ncha kali, ukiipumzisha penseli juu ya kipande cha plastiki chenye unene unaofaa na kuuzungusha mwili wote. Ukiona kwamba mstari haulingani na ukingo wa chini, usishtuke. Meli nyingi hazikai sawa kabisa majini, tezi huzama kidogo kuliko omo, na ni alama ya penseli inayopaswa kufuatwa.

Bandika karatasi nzima ya msasa namba 120 juu ya kioo kwa utepe, imwagie maji, kisha sugua mwili juu yake kwa mwendo wa namba nane. Kila baada ya mizunguko kumi hivi, geuza meli ili omo iwe ilipokuwa tezi, kwa sababu mkono hukandamiza upande mmoja bila mwenyewe kujua. Usishike kwenye daraja la nahodha wala kwenye ncha ya omo; shinikizo liwe katikati ya sitaha. Ukibakiza kama robo ya milimita, hamia kwenye namba 240, umalizie na 400. Kazi yote ifanyike kwa maji na ukiwa umevaa barakoa, kwa kuwa vumbi la rezini ni laini mno na halifai kuingia mapafuni. Tope linalobaki lifute kwa karatasi ulitupe; usiliache likakauka likawa vumbi tena.

Chini kukishakuwa bapa, toboa mashimo mawili kwa keekee ya mkono, moja karibu na theluthi ya mbele na jingine theluthi ya nyuma, uingize skrubu ndogo. Skrubu hizo zitashika meli juu ya kipande cha mbao wakati wote wa kazi, na baadaye zitaifunga kwenye bahari. Kuanzia hatua hii huna sababu ya kuugusa mwili wa meli kwa vidole, na faida yake utaiona utakapofika kwenye reli za shaba.

Mapovu na kuta nene

Povu lililo wazi ni rahisi kuliko lililofichika. Pitisha ncha ya sindano kwa upole juu ya kingo na pembe. Penye ngozi nyembamba ya rezini patatoboka, na ni afadhali patoboke sasa kuliko chini ya rangi. Panua shimo kidogo, weka tone la supaglu, na kwa mashimo makubwa changanya supaglu na poda ya talki hadi iwe uji mzito. Mchanganyiko huo upige msasa ndani ya saa moja hivi, kwa sababu ukiachwa hadi kesho unakuwa mgumu kuliko rezini iliyouzunguka, na msasa utachimba pembeni badala ya kuusawazisha.

Kuta za kingo za sitaha zinazozidi unene zikwanguliwe kutoka upande wa ndani kwa ncha ya kisu kilichosimamishwa wima, kwa mikwaruzo mingi myepesi. Si lazima ukuta wote uwe mwembamba. Jicho husoma ukingo wa juu tu, kwa hiyo ukiupunguza huo kwa mshazari, ukuta mzima utaonekana mwembamba.

Vipande vidogo na milingoti

Mashua, mizinga, mifereji ya hewa na masanduku kwa kawaida humiminwa juu ya utando mwembamba wa rezini. Usivikate kimoja kimoja. Laza utando wote juu ya msasa ulioloa, sugua mgongo wake hadi uwe unapitisha mwanga, na vipande vitajitenga vyenyewe kwa kuguswa na wembe. Vile vyenye kikonyo vikatwe kwa msumeno mwembamba au wembe mpya, mbali kidogo na kipande, kisha kilichobaki kisawazishwe kwa tupa. Koleo la kukatia huvipasua, kwani rezini ni kavu na haivumilii kubanwa.

Gundi ya kazi hii ni supaglu. Ile nyepesi hutumika kupenya kwenye mshono ambao tayari umekutanishwa, na ile nzito hutumika pale unapohitaji sekunde chache za kurekebisha. Kamwe usiimimine kutoka kwenye chupa. Weka tone juu ya kigae, kisha lichukue kwa sindano iliyokatwa tundu lake upande mmoja ili ibaki na panda mbili ndogo. Panda hizo hushika kiasi kidogo cha gundi na kukiachia pale tu unapogusa. Kwa vipande vizito, kama sehemu ya juu ya meli inayokaa peke yake juu ya sitaha, gundi ya epoksi ni bora kwa sababu inatoa muda wa kuipanga iwe wima.

Milingoti ya rezini iliyomo kwenye seti itupe. Huu ni msimamo mkali, lakini hakuna mlingoti wa rezini wa milimita 0.5 utakaobaki umenyooka kamba zikiuvuta, na wengi wao huvunjika kabla ya kamba kufungwa. Utumie kama kipimo cha urefu tu, kisha kata fimbo ya shaba ya njano ya milimita 0.5 kwa mlingoti na ya 0.3 kwa foromali, yaani vijiti vinavyokingama mlingotini. Toboa sitaha kwa keekee ya ukubwa huohuo, ukianza na alama ya sindano ili ncha isiteleze, na shimo liingie angalau milimita mbili. Mlingoti uingie shimoni bila gundi kwanza. Utazame ukiwa mbele ya omo na ukiwa ubavuni, kwa sababu mlingoti ulioinama digrii mbili unaharibu sura ya meli nzima.

Shaba iliyochongwa kwa tindikali

Reli za sitaha, ngazi, antena na winchi huja kama bamba jembamba la shaba ya njano lililochongwa kwa tindikali. Kata juu ya kigae au kioo, si juu ya mkeka laini wa kukatia, kwani mkeka hukubali kubonyea na shaba hupinda pale inapokatwa. Tumia kisu chenye makali ya duara, ukikibingirisha badala ya kukivuta. Mikunjo ya pembe kali hufanywa kwa kubana kipande chini ya wembe mmoja na kukiinua kwa wembe wa pili. Kipande kinachopaswa kuzunguka kwa upole, kama reli ya tezi iliyo mviringo, kipitishe kwanza juu ya mwali wa moto mdogo hadi rangi yake ibadilike. Shaba hulainika na itakaa kama ulivyoikunja.

Reli zipakwe rangi zikiwa bado kwenye bamba, zikatwe kwa vipande vifupi vinavyoishia kwenye pembe za sitaha, kisha zibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kidogo kwa maji. Wengi hupendelea supaglu hapa kwa haraka yake, lakini reli ikikaa milimita nusu nje ya mstari, gundi nyeupe hukupa dakika kadhaa za kuisogeza na haiachi ukungu mweupe juu ya rangi iliyokamilika. Anzia katikati ya meli kuelekea nje, na acha wazi mahali pa ngazi na mashua. Hata hivyo reli hizi hazibandikwi sasa. Zinasubiri rangi ya mwili imalizike, na shaba inayowekwa kabla ya rangi ni ile tu iliyo sehemu ya umbo la meli, kama milango, majukwaa na sakafu za mizinga.

Rangi

Paka praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu kwa tabaka jembamba, kisha kagua chini ya taa kali. Praima huonyesha mikwaruzo na mapovu yaliyokwepa, nayo yatibiwe hapohapo. Rangi za akriliki na za enameli zote zinafaa, na brashi ya hewa hutoa tabaka ambalo halifuniki michoro ya sitaha, jambo ambalo ni gumu kwa brashi ya mkono. Anza na sitaha, izibe kwa utepe uliokatwa vipande vyembamba, kisha paka kuta. Daraja na dohani zipakwe zikiwa bado zimetengana na mwili, kwani baada ya kuunganishwa hakuna utepe utakaoingia baina yake.

Rangi iwe nyepesi kuliko sampuli ya rangi halisi. Meli inayotazamwa kwa mbali hufifishwa na hewa, na modeli ya 1/700 inayoshikwa kwa umbali wa nusu mita ni sawa na meli iliyo mita 350 mbele yako, kwa hiyo rangi halisi isiyochanganywa huonekana nzito na nyeusi mno. Koveti zilizolinda misafara ya Atlantiki mara nyingi zilipakwa nyeupe pamoja na mabaka ya buluu hafifu na kijani hafifu. Nyeupe hiyo ichanganywe na kijivu kidogo. Meli za Marekani zilizopakwa kwa mpango wa rangi ulioitwa Measure 22 zilikuwa na buluu nzito chini na kijivu hafifu juu, na mpaka wa rangi hizo ulikuwa mstari sambamba na maji, haukufuata mpindo wa sitaha. Kwenye meli nyingi za Japani sehemu za sitaha zilifunikwa kwa linoleamu ya kahawia-nyekundu iliyobanwa kwa vipande vyembamba vya shaba, na mistari hiyo huchorwa kwa penseli bora kuliko kwa brashi.

Rangi ikikauka, pitisha rangi ya mafuta iliyoyeyushwa sana kwenye pembe na kuzunguka milango ili vivuli vijitokeze, kisha futa ziada kwa brashi safi. Kutu iwe kidogo sana: michirizi chini ya nanga na chini ya mifereji ya maji, yenye urefu usiozidi milimita tatu. Vanishi isiyong'aa ndiyo humaliza, na baada yake reli ndipo zibandikwe.

Bahari

Chukua ubao usiopinda, chora juu yake mzingo wa meli, utoboe mashimo ya skrubu, kisha panga mawimbi kwa karatasi nzito ya rangi za maji iliyoloweshwa, au kwa jeli nzito ya akriliki inayosukumwa kwa brashi iliyokufa. Mawimbi ya upepo yawe madogo kuliko mkono unavyotaka kuyafanya: wimbi la mita mbili, ambalo kwa koveti tayari ni la kuyumbisha, halifiki milimita tatu.

Mkondo wa meli una kanuni zake, na modeli nyingi nzuri hukaa juu ya maji yasiyozifuata. Katika maji ya kina kirefu, mawimbi ya meli hubaki ndani ya kabari yenye nyuzi zipatazo 19.5 kila upande, hata kasi ikibadilika. Mwanafizikia Lord Kelvin ndiye aliyelieleza jambo hili kwa hesabu. Kinachobadilika kwa kasi ni umbali baina ya vilele vya mawimbi yanayokingama nyuma na ubavuni mwa meli. Kwa noti 16 (maili za baharini kwa saa), ambayo ndiyo ilikuwa kasi ya juu ya koveti, umbali huo ni takriban mita 43, yaani milimita 62 za modeli. Kwa noti 10 unashuka hadi mita 17, yaani milimita 24. Kwa hiyo chagua kasi kwanza, weka kilele cha kwanza karibu na omo, kisha upime kingine kwa rula. Nyuma ya tezi paache pawe bapa kidogo, penye povu la rafadha lililonyooka.

Paka buluu ya kijani iliyokolea karibu na nyeusi, ipunguzwe kwa kijani juu ya vilele na kando ya povu, na nyeupe ije mwisho kwa brashi karibu kavu. Tabaka kadhaa za vanishi inayong'aa hutenganisha maji na meli isiyong'aa. Funga meli kwa skrubu kutoka chini, na mwanya unaobaki ubavuni uzibwe kwa jeli ileile.

Kamba

Kamba huwekwa mwisho, meli ikiwa imekwisha kufungwa juu ya bahari. Uzi wa lycra unaovutika ni rahisi kwa anayeanza, kwa kuwa hukaa umekaza hata mlingoti ukiguswa. Uzi wa plastiki uliovutwa juu ya mshumaa ni mwembamba zaidi na hulegea kidogo kwa uzito wake, kama kamba ya ishara inavyopaswa kulegea. Pima urefu kwa kigawanyi, kata, gusisha ncha kwenye supaglu, weka upande wa mlingotini kwanza, ukianza na kamba za ndani na kuishia na zile za ukingoni ambazo mkono ungezigonga. Kamba inayoshuka kutoka mlingotini hadi omo na ile inayokwenda tezini zivutwe kwa zamu, ili nguvu zilingane na mlingoti usiinamishwe upande mmoja.

Bendera ichapwe kwenye karatasi nyembamba, ikunjwe kwa mawimbi juu ya kijiti, na ipeperuke kuelekea upande ambao upepo unasukuma moshi na povu. Funika yote kwa sanduku la akriliki lililo wazi, kwani vumbi lililonaswa na kamba haliondoki bila kamba kukatika, na uliweke mbali na dirisha lenye jua, kwa sababu joto lililolegeza mwili wa meli kwenye maji ya moto linaweza kuupindisha tena likiukuta rafuni.